Kisu Kikubwa cha Kukunja: Tununue au Tuache?

Jambo la juma hili ni kisu. Sisemi kisu cha jikoni, wala panga la shambani. Nasema kile kisu kikubwa cha kukunja, ambacho kikifungwa hakienei mfukoni, na kikifunguliwa watu walio karibu husogea kando. Vijana wengi wa mwambao wetu wa ziwa hukitamani. Wako wanaokinunua kwanza na kujiuliza baadaye ni cha nini. Yafaa tugeuze utaratibu huo: tuulize kwanza, fedha ikae mfukoni.

Kijana mmoja mvuvi wa dagaa, mwenye mke na mtoto mmoja, aliniletea shauri hili. Alisema: "Shikamoo, mwalimu. Kuna kisu nimekiona mjini, bapa lake ni kama shubiri moja. Fedha yake ninayo. Ninunue, au niache?" Namjibu hapa gazetini, maana najua hayuko peke yake.

Wazee walisema: Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Liangalie vema neno hilo. Hawakusema kisu kikubwa, walisema kikali. Ukali na ukubwa ni mambo mawili, na muuzaji hupenda uyachanganye.

Kisu cha kukunja si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kutengeneza kisu kiitwacho Okapi ili kiuzwe katika makoloni yao ya Afrika, na nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ilikuwa sehemu ya makoloni hayo. Mpini wake ni wa mbao, umepambwa kwa alama za mwezi na nyota. Kilipendwa kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, mtu wa kazi aliweza kuimudu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi ya kukitengeneza ilihamia Afrika Kusini. Na chuma chenyewe kilijulikana kando ya ziwa hili zamani sana kabla ya Mjerumani. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwamba watu wa Buhaya, ng'ambo yetu ya magharibi, walikuwa wakiyeyusha chuma cha hali ya juu yapata miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Basi sisi tuliozaliwa kando ya ziwa la wafua chuma tusidanganyike na mng'ao.

Sasa tupime ukubwa. Huko Ufaransa, katika milima ya Savoie, Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vya kukunja mwaka 1890. Aliviwekea namba kwa kadiri ya ukubwa. Namba 8 ndiyo inayojulikana kuliko zote, na bapa lake halifiki hata sentimita 9. Iko pia namba 13, iitwayo Jitu. Bapa lake ni sentimita 22, na kikifunguliwa kisu kizima hufika karibu nusu mita. Walakini mkulima wa kule akienda shambani kukata mkate na kamba huchukua kile kidogo. Jitu halimfai mfukoni.

Kwa nini? Sababu iko katika maungio. Kisu cha kukunja kimeshikwa na pini moja ndogo, tena na springi au komeo la kuzuia bapa lisirudi. Ukibonyeza kwa ncha ya bapa refu, nguvu yote huishia kwenye pini ile. Bapa likiwa refu mara mbili, nguvu ileile ya mkono wako huipinda pini mara mbili zaidi. Kwa hiyo kisu kikubwa cha kukunja hutaka pini nene, komeo imara na fundi mwangalifu; na vitu hivyo ni ghali. Kikubwa kilicho rahisi ndicho cha kuogopwa kuliko vyote. Baada ya miezi michache bapa huanza kucheza, na siku moja komeo huachia, bapa likarudi juu ya vidole. Hata wale Wafaransa, mwaka 1955, waliongeza pete ya chuma ya kuzungushwa shingoni mwa kisu, ili bapa lisifunge ghafula. Rahisi huvunja upishi, na hapa huvunja hata vidole.

Tena tuitazame kazi. Ewe mvuvi wa dagaa, dagaa hawapasuliwi. Huanikwa jinsi walivyo. Mwenye sato ataka kisu cha kiasi, cha kuparia magamba na kufungulia tumbo. Mwenye sangara, samaki awezaye kuzidi kilo 100, ataka kisu kirefu chembamba kisichokunjwa kwa minofu, na panga au shoka kwa kichwa. Katika kazi hizi zote kisu cha kukunja hakina nafasi njema. Utelezi, damu na magamba huingia katika maungio, na huwezi kuyasafisha vizuri. Kesho yake harufu hukaa humo, na kutu huanza. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya bahari, lakini chuma kikilala majimaji ndani ya mtumbwi hupata kutu vilevile.

Iko kazi moja tu ziwani ambayo kwayo kisu ni uhai, nayo ndiyo yafaa mvuvi aiwaze usiku na mchana. Kamba imekuzonga mguu wakati wavu unatupwa. Au wavu umeshika panga la injini, au magugu maji yamelizonga, na mawimbi yanakuja kwa ubavu. Hapo una mkono mmoja tu, maana wa pili umeshika mtumbwi, na mkono wenyewe umelowa. Je, kisu kikubwa chenye springi ngumu utakifungua kwa meno? Kisu cha saa hiyo ni kifupi, kisichokunjwa, kiko katika ala, kimefungwa kiunoni kwa kamba ili kisizame. Mabaharia wengi hupenda chenye ncha butu, ili mawimbi yakirusha mtu kisimchome yeye wala mwenzake. Kisu cha namna hiyo mara nyingi hugharimu kidogo kuliko kile cha dirishani mjini, maana hakina maungio ya kulipia.

Nilipomweleza kijana haya alinyamaza kidogo. Kisha akasema neno ambalo hakulisema mwanzoni: "Mwalimu, usiku tukitoka mwaloni na fedha, naogopa."

Ndugu msomaji, woga huo si upuuzi. Waporaji wako ziwani. Huwanyang'anya wavuvi injini na nyavu. Na njia ya gizani kutoka mwaloni si salama kila siku. Mume mwenye mtoto hana haya kuogopa. Lakini tusiuchukue woga tukaupa kisu, maana kisu hakiuondoi. Waporaji huja wengi, na pengine wana bunduki. Kisu cha kukunja hutaka kitolewe, kifunguliwe, kikomelewe. Yote hayo mbele ya mtu aliyekwisha jiandaa. Mwenye kuonyesha kisu hugeuza hasara ya fedha kuwa hasara ya roho. Na kama hakuna mporaji, bado kisu kipo kiunoni pale mnapokunywa na kubishana juu ya mpira. Ugomvi ambao ungeishia kwenye ngumi na aibu huishia makaburini na gerezani.

Sheria nayo iangalie. Sheria ya makosa ya jinai ya Tanzania yakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu cha kazi, kikiwa katika ala na mwenyewe akienda kazini, kina maelezo yake. Bapa la shubiri moja linalofunguliwa kwa mlio mbele ya watu sokoni ni vigumu kulieleza. Na ukisafiri kwa ndege kutoka Mwanza, kisu kama hicho kitazuiliwa usiingie nacho kitini.

Kwa woga ziko dawa nyingine. Fedha ya usiku iwekwe katika simu palepale mwaloni, usitembee nayo. Tokeni watatu au wanne pamoja, mwenye nyumba ya mbali asiachwe peke yake. Tochi nzuri hufaa kuliko kisu, maana hukuonyesha mtu kabla hajakufikia. Na mkiona watu msiowajua wakizungukazunguka mwaloni, waambieni viongozi wa kikundi cha ulinzi cha BMU. Hayo hayana mng'ao wa kuonyesha rafiki, lakini humrudisha mtu nyumbani.

Tusisahau fedha. Mvuvi wa dagaa haulizi tu, "Ninayo?" Huuliza, "Mwezi mpevu ni lini?" Mbalamwezi ikijaa, mwanga wake huzishinda taa za wavuvi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hukaa ufukoni siku kadhaa. Siku hizo nyumba hula akiba. Basi chukua bei ya kisu, igawe kwa fedha unayobaki nayo usiku mmoja wa kazi, upate idadi ya usiku. Kisha mwite mkeo, mhesabu pamoja: ni usiku mangapi, na mbalamwezi iko mbali kadiri gani? Kama kisu kitakula unga wa siku za mbalamwezi, kiache. Mama wa nyumba asipate habari ya kisu siku ya kukosa unga.

Sasa msiseme kwamba karani anachukia visu vikubwa. La. Wako watu ambao kisu cha namna hiyo chawafaa. Dereva wa lori alalaye njiani, akinunua nyama na mananasi ya kugawana na wenzake, chaweza kumfaa. Mwenye kupika porini, na ambaye kisu chenye ala humsumbua mzigoni, kadhalika. Hata mtu apendaye vitu vilivyotengenezwa vizuri, mwenye fedha yake ya ziada na kabati la kufunga kwa ufunguo, sina neno naye. Ajue tu kwamba ananunua pambo, asiseme ni chombo cha kazi.

Ukiwa mmoja wao, basi nunua hivi. Fungua kisu, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, ukitikise upande kwa upande, kikicheza, kirudishe. Kifunge ukitazame kwa mbele: bapa likae katikati, lisiguse ubavu wa mpini. Kifungue tena, ukandamize mgongo wa bapa juu ya ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Komeo likiachia, usikilize tena maneno ya muuzaji. Uliza kama ni chuma kisichoshika kutu. Kama sivyo, kitakuwa chepesi kunoa, ila kitataka kukaushwa na kupakwa mafuta kila kikitumika. Mwisho, kata karatasi kwacho. Kisu kipya kisichokata karatasi kitakusumbua.

Na mtoto je? Wazee walisema: Mwana akilia wembe, mpe. Walisema hivyo kwa mtoto mkaidi asiyesikia, ili ajifunze kwa kukatwa. Mimi nasema mfundishe kabla hajalia. Watoto hujikata sana wakati wa kufunga kisu cha kukunja, si wakati wa kufungua, kwa kuwa hawajui komeo liko wapi na vidole vyao viko njiani. Usikiache mezani.

Jibu langu kwa kijana ni hili: kile cha dirishani kiache. Nunua kifupi chenye ala na jiwe la kunolea, ukinoe kila Jumamosi, ukifunge kiunoni kabla mtumbwi haujaondoka. Fedha itakayobaki mpe mkeo aiweke kwa ajili ya mbalamwezi. Wenzako wakikucheka kwa udogo wa kisu chako, wacheke tu. Siku wavu utakaposhika panga la injini, watakuomba uwakatie.

Nanyi wasomaji, mkiwa na shauri lenu kabla ya kununua kitu, niandikieni. Kwaherini mpaka juma lijalo.