Mkopo wa Cherehani Ufuate Mavuno

Yanasemwa mengi siku hizi juu ya mavazi yasiyoharibu mazingira, na akina mama wanahimizwa waingie katika biashara hiyo. Wito huo hatuupingi. Tunalouliza ni hili: mama wa Litumbandyosi, wilayani Mbinga, mwenye cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, atamshonea nani, na kwa fedha za mwezi gani?

Tuanze na sare za shule. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare zimebaki mzigo wa mzazi. Kila Januari shule zinapofunguliwa, sketi, kaptula na mashati meupe hutafutwa kila nyumba, wala soko hilo halihitaji tangazo. Tena fundi wa kijijini humpima mtoto mwenyewe. Humwachia upindo mrefu ili sketi ishushwe mwaka wa pili, hupiga mshono mara mbili pale panapowahi kuchanika, na nguo ikipasuka hurudi mikononi mwake. Sketi iliyomwelemea dada kwa ufupi hupunguzwa ikawa ya mdogo wake. Bibi zetu waliyafanya hayo bila kuitwa kwenye semina.

Mitumba nayo ni mali ghafi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu ya kuingiza bidhaa kwake bila ushuru. Rwanda peke yake ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Sisi tulirudi nyuma. Maadamu mitumba ingali hapa, fundi ana haki ya kununua suruali pana, kuifumua, na kutoa humo kaptula za watoto. Kwamba sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje kabla haijawa kitambaa ni aibu yetu, lakini aibu hiyo asitwishwe mama wa Mbinga.

Ndugu zetu wa Visiwani wanayo ya kutufundisha hapa. Mwanamke wa Unguja au Pemba hushona kofia ya mkono kwa sindano na uzi, tundu baada ya tundu, kwa wiki nyingi, katikati ya kazi za nyumbani. Mtaji wake ni mdogo, taka zake hazijai kiganja, na kofia hiyo hufuliwa, hutiwa wanga na kuvaliwa Idi baada ya Idi. Mnunuzi hulipia mkono wa mshonaji, na hilo ndilo tunalotaka mteja wa bara naye ajifunze. Batiki tunaitaja kwa tahadhari tu: maji yake yana rangi na magadi makali, na vijito vingi vya huku hushuka Ziwa Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingineko. Asiye na shimo la kumwagia maji hayo, asianze.

Sasa tugeukie ofisi. Sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Ni jambo jema. Lakini wilayani Mbinga fedha hufuata mavuno ya kahawa na mahindi. Kabla ya hapo mteja huja na ahadi, na fundi hushona kwa mkopo wa jirani zake. Kumdai fungu sawa kila mwezi, Machi kama Septemba, ni kumlazimisha auze cherehani yenyewe ili alipe deni la cherehani. Hapo mkopo huitwa sugu na mama huitwa mzembe.

Tunawaomba maofisa maendeleo ya jamii waandike marejesho kwa kalenda ya mkulima: fungu dogo miezi ya kilimo, kubwa baada ya mavuno na baada ya Januari. Na kamati za shule ziwape vikundi hivi idadi ya sare na vipimo ifikapo Septemba, wakati mzazi bado ana fedha mkononi na fundi ana miezi mitatu ya kushona.