Mgonjwa haruhusiwi kushangilia goli?

Vijana wenzangu, na ninyi ndugu wa mashirika ambao najua mnasoma humu hata kama hamwachi komenti,

Nataka kuongelea sentensi moja tu. "Kama anaweza kuangalia mpira, basi amepona." Ilisemwa Februari 2024 na mtu mwenye kitambulisho shingoni, na ikaninyang'anya nafasi ya mafunzo ya ufundi wa simu niliyoisubiri miezi saba. Simtaji jina, wala shirika lake, kwa sababu hakuwa peke yake. Majirani walisema vilevile. Hata humu ndani kuna aliyeniandikia: "Weye si ulikuwa unapiga kelele ya mupira? Ugonjwa gani huo?" Sawa. Leo nakujibu na wewe.

Tarehe 24 Januari 2024, Congo na Tanzania walitoka 0-0 kule Korhogo, Côte d'Ivoire. Huku kwetu Isingiro mechi ilianza saa tano usiku. Kipindi cha pili nikaanza kutetemeka, nikadhani ni baridi. Asubuhi sikuweza kusimama. Nikatapika mpaka ikawa maji matupu, na Mama anasema nilianza kuongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu, namwita bibi yangu aliyebaki Masisi. Wakanipakia kwenye boda, mimi katikati, Mama nyuma amenikumbatia nisidondoke. Malaria kali. Sindano ya artesuneti ya kwanza, nyingine baada ya saa 12, nyingine baada ya saa 24, halafu vidonge vya siku tatu. Tarehe 28 wakaniruhusu. Kwenye karatasi daktari aliandika: apumzike nyumbani wiki mbili, arudi kupimwa damu.

Apumzike nyumbani. Watu wa afya, nawaheshimu, mliniokoa. Lakini nyumbani kwetu mnakujua? Chumba kimoja chini ya turubai, saa sita mchana ni kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Tangu chakula kigawanywe kwa makundi matatu Julai 2023, sisi tuko kundi la tatu, lile linaloambiwa linajitegemea, kwa hiyo hatupati kitu. Mama akibaki kunitunza, jioni hakuna posho. Basi akaenda kulima shamba la watu, kaka zangu wakaenda kutafuta vibarua, na mimi nikabaki peke yangu. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye jerikeni umbali wa hatua tatu, na sikuweza kuliinua. Nililala nikihesabu viraka vya turubai. Wale waliokimbia usiku wanajua kinachokuja kichwani ukiwa umelala peke yako mchana kutwa na homa. Sitaki kukieleza hapa.

Usiku huohuo Congo walicheza na Misri. Kaka yangu mkubwa alichaji simu kwa sola ya jirani, akanunua MB kwa pesa ya kibarua, akaisimamisha simu juu ya sufuria iliyogeuzwa. Watu wakaanza kuingia. Wale wote walioogopa "kumsumbua mgonjwa" sasa walikuwa na sababu ya kuja. Mama mmoja alileta uji wa karanga. Mwingine alileta machungwa mawili, akayamenya mwenyewe. Jirani wa nyuma, ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, alikaa karibu na miguu yangu akawa ananipepea na kipande cha boksi mpaka muda wa nyongeza ukaisha. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, huyo ni mila yetu tangu zamani. Safari hii aliyewaita watu alikuwa mpira.

1-1. Penalti. Kipa wa Misri akagonga mwamba. Kipa wetu Lionel Mpasi akaja kupiga mwenyewe, akafunga, 8-7. Ndiyo, nilipiga kelele. Moja. Halafu giza likanijia machoni, nikarudi kulala nikiwa na jasho la baridi. Hiyo kelele ndiyo iliyotembea. (Na kwa sababu mimi ni msichana, ilitembea haraka zaidi. Kelele za wavulana wa bloku nzima hazikufika popote.)

Mafunzo yalianza kesho yake, tarehe 29. Siku ya nne kaka yangu akapeleka karatasi ya daktari. Hakuikunjua hata. Akasema hiyo sentensi yake, akasema sheria ni siku tatu, jina limeshatolewa.

Sasa niwaambie kitu ambacho daktari alinieleza na mimi nikakishika. Baada ya malaria kali na zile sindano, kuna watu ambao chembe nyekundu za damu zinaendelea kuvunjika baadaye, wiki moja, mbili, hata karibu mwezi, wakati homa imeshaisha na unaonekana mzima. Ndiyo maana unaambiwa urudi. Tarehe 9 Februari nilirudi, damu ilikuwa 7.6. Msichana mzima anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kwa damu hiyo niliangalia Congo ikiipiga Guinea 3-1. Kushangilia goli hakuhitaji damu nyingi, ndugu. Kinachohitaji damu ni kutembea saa nzima kwenda darasani na kurudi.

Halafu nusu fainali, tarehe 7 Februari, tukakutana na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na mwingine wakauelekeza kwenye kichwa kama bunduki, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki. Mama, ambaye siku zote anasema mpira ni kazi ya wasio na kazi, alisimama. Hakusema kitu. Alisimama mpaka wimbo ukaisha.

Tulifungwa 1-0. Aliyefunga ni Sébastien Haller. Mnamjua huyo? Julai 2022, siku chache tu baada ya kusajiliwa na Borussia Dortmund, alikutwa na saratani ya korodani. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akapata matibabu makali ya dawa, akarudi uwanjani Januari 2023. Tarehe 11 Februari 2024 akafunga goli la ubingwa dhidi ya Nigeria. Yaani aliyetutoa ni mgonjwa mwenzangu! Nafasi yake ilimsubiri nusu mwaka. Najua, yeye ni mchezaji wa mamilioni na mimi ni namba ya kadi. Lakini ya kwangu ilikuwa benchi la mbao na bisibisi, na wiki mbili zilikuwa nyingi.

Mtaniambia kuna wanaojifanya wagonjwa. Wapo, mmoja namjua, nilicheka naye. Mtaniambia kukesha saa nane usiku si vizuri kwa mgonjwa. Kweli, Mama alinigombeza, na hakukosea. Mtaniambia vijana wanajificha kwenye vibanda vya mpira kucheza kamari. Hilo nalo kweli, na mimi silitetei. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalopima damu. Karatasi inapima. Ilikuwa mkononi mwa kaka yangu, ina muhuri, ina tarehe.

Ninyi mnapenda mkimbizi mgonjwa alale, agune, apigwe picha. Akicheka, msaada unaisha. Mnatufundisha kuigiza, halafu mnalalamika kwamba tunaigiza.

Ninachoomba ni kidogo. Soma karatasi. Kama muhuri una mashaka, piga simu kliniki, mnajuana. Siku za ugonjwa zilizoandikwa na daktari zisihesabiwe kama utoro. Na ninyi vijana, mkisikia mgonjwa ameshangilia, ingieni ndani mumjazie kikombe cha maji kabla ya kwenda kusimulia.

Orodha ya kundi jipya inafunguliwa mwezi ujao. Nitajiandikisha tena. Ile karatasi bado ninayo, ndani ya daftari, imekunjwa mara nne vilevile ilivyorudi. Anayetaka kuisoma aje.