Elimu Iteremke Mlimani

Wako watu katika vyuo vyetu wasemao kwamba intaneti ya nyumbani ni anasa ya mwanafunzi, wala si haki yake. Husema kuwa chuo kimetimiza wajibu kikijenga maktaba, kikaweka kompyuta na kueneza mtandao ndani ya mipaka yake; atakaye kusoma na apande Mlimani. Kauli hii ina sura ya busara, lakini haina moyo wa haki. Nia ya insha hii ni kuipinga.

Jambo lenyewe si geni. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 na ya mwanzo wa karne hii, mtu wa Dar es Salaam aliyetaka intaneti nyumbani alihitaji kompyuta, modemu na waya wa simu. Modemu iligeuza ishara za kompyuta kuwa sauti, sauti ikapita katika waya wa shaba, na simu ya nyumba nzima ikawa haipatikani mpaka msomaji amalize haja yake. Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofanywa kampuni mwaka 1999, kilikuwa miongoni mwa watoa huduma ya intaneti mjini. Mwalimu akaaye Sinza au Kijitonyama, akiwa na waya, aliweza kusoma barua zake usiku bila kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

Wazo hilo lilikuwa jema. Lilikiri kwamba akili ya mtu haifungwi pamoja na milango ya maktaba, na kwamba chuo chaweza kumfuata mtu wake hata nyumbani. Lakini utekelezaji ulikuwa na upungufu mkubwa: chuo kilimfuata mwenye waya tu. Mwaka 2000 Tanzania haikuwa na hata simu moja ya waya kwa kila watu 100. Huko Tandika na Mbagala nyumba zilizokuwa na simu zilihesabika. Na aliyekuwa nayo alilipa mara mbili: kwa kampuni ya simu kwa muda alioongea, na kwa mtoa huduma kwa kuunganishwa. Elimu ikawa kama maji ya bomba: wachache waliyafungulia ndani, na wengi waliyafuata kwa ndoo.

Zama za waya wa shaba zimepita. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009, na simu ya mkononi imeingia katika kila mtaa wa Kinondoni na Temeke. Hapo ndipo wapinzani wangu hushika. Huuliza, ikiwa kila mwanafunzi ana simu, analalamikia nini? Nami nawauliza, simu isiyo na kifurushi ni kitu gani? Ni taa isiyo na mafuta. Zamani msomaji alizuiwa na waya. Leo anazuiwa na bei. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye mtandao wa ofisi hamjui ahesabuye megabaiti.

Husemwa tena kwamba mwanafunzi anaweza kupanda chuoni. Aweza, lakini atokaye Mbagala huukata mji mzima, na saa aziachazo barabarani ni saa alizoziiba katika kitabu. Hoja hiyo ilianguka yenyewe Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 mpaka tarehe 1 Juni. Aliyekuwa na fedha aliweza kusoma nyumbani. Asiyekuwa nazo alingoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwaka ule ule, Afrika Kusini, kampuni za simu zilikubali kurasa za vyuo vikuu zisomwe bila malipo ya data. Je, ni sheria gani ya maumbile iliyokataza jambo hilo kwetu? Nchi iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria, kikaanza kufundisha mwaka 1994, ilikwisha kukiri kwamba nyumba ya mtu yaweza kuwa darasa lake.

Watasema hakuna fedha. Lakini yako mambo yasiyodai fedha nyingi, bali fikira. Tasnifu ya kurasa 300, ikihifadhiwa kama maandishi matupu, haizidi megabaiti moja. Ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, yaweza kufika megabaiti 50. Kwa modemu ya zamani, iliyopitisha kilobiti 56 kwa sekunde ilipokuwa katika ubora wake, ya kwanza ingefika katika muda usiozidi dakika tatu, na ya pili ingedai saa mbili kamili. Leo tofauti hiyo hailipwi kwa saa. Hulipwa kwa shilingi, na alipaye ni mwanafunzi. Basi aiwekaye kazi nzito mtandaoni bila sababu humtoza msomaji kodi asiyoijua.

Na liko jambo zito kuliko hayo. Watafiti wa Kiswahili hushuka mitaani kukusanya maneno, nyimbo na masimulizi ya watu. Bibi wa Temeke hutoa alichonacho bila kudai senti. Kisha hazina ile hupandishwa Mlimani, ikaandikwa, ikatahiniwa, ikampatia mtu shahada. Na mjukuu wa bibi yule, atakapo kuisoma, huambiwa aingie kwa neno la siri au alipe. Huo si uhifadhi wa elimu. Ni mkopo usiolipwa.

Kwa hiyo nasema wazi: kazi zote zilizoandikwa katika vyuo vya umma ziwe wazi kwa kila mtu, isipokuwa zile zenye siri za watu, ziwekwe katika umbo jepesi, na vyuo viungane kuzidai kampuni za simu zisiwatoze watu kwa kurasa za masomo. Chuo kimoja kikidai peke yake kitapuuzwa, lakini vyuo vyote vikidai pamoja vitasikilizwa. Enzi ya modemu ilitufundisha kwamba chuo chaweza kumfuata msomaji hadi nyumbani. Iliyobaki ni kuamua kama kitamfuata mwenye fedha peke yake, au kitamfuata kila mtu.