Eti Treni ya Abiria Hailipi!

Majuzi, kwenye kikao kimoja cha wafanyabiashara hapa wilayani Kilosa, alisimama mzee mwenye maduka na malori, akakohoa kidogo, akasema: "Ndugu zangu, treni ya abiria hailipi. Treni ni ya mizigo. Sisi tuombe lami tu." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Niligeuka huku na huku nimtafute hata mmoja aliyekunja uso, sikumwona. Wote macho yalikuwa kwenye sufuria za pilau.

Haimlipi nani?

Barabara kuu inakatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi. Nani amewahi kuidai ilete faida mwisho wa mwaka? Ukitoa faini za wanaogonga swala, barabara ile haiingizi hata senti kwa kupitwa, na hakuna mwenye lori aliyesimama kikaoni kusema ifungwe. Lakini reli, maskini, inapigiwa hesabu kila jioni kama genge la nyanya: umeuza ngapi, umebakiwa na ngapi, basi funga.

Faida ya treni ya abiria haikai kwenye dirisha la tiketi. Iko dukani kwako, mzee wangu. Iko kwenye daftari la mwajiri. Kijana wa Zombo, hapa hapa wilayani, akipata kibarua kwenye nyumba za wageni Mikumi, au msimu wa miwa kule Kidatu, bodaboda inakula ujira kabla hajanunua unga. Atafanya nini? Atapanga chumba huko huko, atadai nyongeza, au atakuja kazini saa nne akiwa amechoka na ana vumbi mpaka kwenye kope. Yote hayo analipa mwajiri. Analipa kila mwezi, kimyakimya, halafu anakuja kikaoni kutuambia treni hailipi.

Wala sidai muujiza. Simdai mtu alete mchongoko, ile treni ya umeme, mpaka Zombo. Tuta lipo, reli ipo. Tawi la kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, zaidi ya kilometa 100, lilijengwa miaka ya 1960 kuelekea kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero. Mwaka 1998 pale Kidatu kikafunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo kati ya reli ya kati, yenye upana wa mita moja, na TAZARA, ambayo ni pana kidogo zaidi. Kontena limefikiriwa, likatengenezewa mpaka kreni. Mama mwenye magunia mawili ya ufuta na mtoto mgongoni hajafikiriwa. Ninachotaka ni mabehewa mawili matatu, asubuhi kwenda na jioni kurudi.

Tena sasa ndiyo wakati wenyewe. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kimejiingiza kwenye upanuzi wa K4, uliotangazwa kuongeza uzalishaji kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka. Miwa ya sukari hiyo itakatwa na kubebwa na watu, na watu hao wanalala mahali. Huku Kilosa mjini, tangu 2024, inasimama treni ya umeme. Mgeni anatoka Dar es Salaam kwenye kiyoyozi, anashuka stesheni ya vioo, halafu anaanza kubishana nauli na bodaboda gizani ili afike Zombo. Sijasikia mfanyabiashara hata mmoja akiuliza kwa nini safari inakatikia hapo.

Wenzetu wanauliza. Tena wanalipa. Jijini Paris, tangu 1971, mwenye waajiriwa zaidi ya idadi fulani anakatwa mchango wa usafiri wa umma kwa kigezo cha mishahara anayolipa. London, kuanzia Aprili 2010, wenye majengo makubwa ya biashara walitozwa nyongeza ya kodi kusaidia kujenga reli ya Crossrail, iliyokuja kufunguliwa Mei 2022. Msidhani matajiri wa huko wana huruma kutuzidi. Wamepiga hesabu tu.

Niliposema haya kikaoni, mmoja akanijibu pale pale: watu wa Zombo wamezoea bodaboda. Wamezoea! Aliyesema hivyo alikuja kikaoni na Land Cruiser. Vumbi la Ulaya (hii yetu ya njia ya Mikumi) analijua kupitia kioo. Mwingine akaleta habari ya RITES, kampuni ya India: mbona Wahindi walipewa reli mwaka 2007 wakashindwa? Ndiyo, walishindwa, na serikali ikairudisha kampuni ya reli mikononi mwake. Sasa mkataba mbovu unahusiana vipi na abiria? Mpishi akiunguza wali, tunapiga marufuku mchele?

Na abiria wapo. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilipoanzishiwa treni za mjini, watu walizijaza mpaka milangoni, wakazibatiza jina la waziri, treni ya Mwakyembe. Hakuna aliyewafundisha kupanda. Au waulizeni watu wa Mlimba maana ya Kipisi, ile treni ya TAZARA ya vijiji vya bonde la Kilombero kwenda Makambako. Atakayewaambia hailipi, aondoke mapema.

Serikali yenyewe imeshasema inataka waendeshaji binafsi waingie kwenye reli. Sheria ya Reli ya 2017 imelikabidhi Shirika la Reli, TRC, jukumu la njia na treni. Baraza la biashara la wilaya lipo, na mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Kilichokosekana ni barua. Iandikwe kwa TRC, nakala kwa LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, waajiri wa Kilosa, Mikumi na Kidatu waweke sahihi, kila mmoja akitaja ana wafanyakazi wangapi, wanalala wapi, na tiketi ngapi za mwezi yuko tayari kuwanunulia. Ifike kabla masika haijakata barabara, maana ikishakata, kikao chenyewe hakitakuwa na akidi.