Mlezi wa Vijana Si Mkusanya Michango



Katika vigango vyetu yupo mtu ambaye jina lake halisikiki sana kwenye matangazo ya Dominika, ila akikosekana wiki mbili tu kila mmoja anauliza yuko wapi. Huyo ni mlezi wa vijana. Si padre, si mtawa, na mara nyingi wala si katekista. Ni mlei aliyeombwa na halmashauri ya walei awashike vijana mkono, naye akakubali. Sisi tunaosoma falsafa katika nyumba ya malezi tunamfahamu vizuri, maana tunapotumwa parokiani wakati wa likizo ndiye tunayekabidhiwa. Ndiye anayetuonyesha njia za vigangoni, anayejua nyumba ipi ina mgonjwa, na anayeweza kueleza kwa nini kijana fulani hajaonekana kanisani tangu Pasaka.

Tunaandika kumtetea, na hoja yetu ni moja. Mlezi huyu amebebeshwa kazi isiyo yake, na kwa sababu hiyo kazi iliyo yake hasa imebaki bila mtu.

Tuchukue mfano wa Kapalamsenga, kata ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, katika eneo la Jimbo Katoliki la Mpanda. Mlezi wa vijana wa mahali kama hapo huianza siku yake shambani kama jirani zake wote. Ana mahindi ya kupalilia na watoto wanaosubiri sare na madaftari. Vijana anaopaswa kuwalea hawakai mahali pamoja. Wengine wako kwenye mashamba ya mahindi na mpunga, wengine wanachunga ng'ombe, wengine wako kijiweni na bodaboda zao, na wengine wameingia kwenye machimbo ya shaba. Masika yakikolea, kumfikia kijana mmoja ni safari ya matope ya nusu siku. Jioni, akiwa amechoka, anakwenda kuamua ugomvi wa wanakwaya wawili. Jumamosi anasimamia mazoezi. Dominika, padre akiwa kigango kingine na katekista akiongoza ibada, yeye anapanga wasomaji, anatuliza watoto, kisha anabaki na vijana baada ya ibada.

Hadi hapo hakuna la kulalamikia. Huo ndio utume, na wengi wanaufanya kwa furaha. Shida inaanza anapofungua daftari lake. Katika vigango vingi tulivyopita, daftari la mlezi lina safu ya majina, na baada ya hapo ni fedha tupu: tegemeza, ujenzi, sare ya kwaya, nauli ya kongamano, zawadi ya mgeni rasmi, sherehe ya somo wa parokia. Agizo linatoka juu kwamba vijana walete kiasi fulani ifikapo tarehe fulani, na anayetumwa kukidai ni mlezi. Akirudi mikono mitupu, anaulizwa yeye.

Matokeo yake anayajua kila aliyewahi kuwa kijana asiye na hela. Unamwona mlezi kwa mbali na unakata kona, kwa sababu unajua swali litakalofuata salamu. Kijana wa machimboni anaweza kukaa wiki tatu bila kupata chochote, na bado anadaiwa chakula alichokopa. Akifikiria kwenda kikaoni, anafikiria kwanza jina lake litakavyosomwa miongoni mwa wasiomaliza. Basi haendi. Mwezi wa pili haendi pia, na mwezi wa tatu amezoea. Siku akifiwa, au akiangukia kwenye pombe, au akipata wazo la kuacha kila kitu na kukimbilia mji asioujua, mtu ambaye Kanisa lilimweka karibu naye ndiye mtu anayemkwepa.

Tunajua kuna watakaosema kwamba Kanisa letu lazima lijitegemee, na kwamba kutoa ni sehemu ya malezi ya Mkristo. Ni kweli, nasi tunakubali kwa moyo wote. Kulitegemeza Kanisa ni mojawapo ya amri za Kanisa, na kijana asiyefundishwa kutoa akiwa na mia tano hatatoa akiwa na laki tano. Hatusemi vijana wasichangie. Tunasema mdai asiwe mlezi. Parokia ina mweka hazina, ina kamati ya fedha, ina viongozi wa jumuiya ndogondogo. Daktari anayesimama mlangoni kudai ada kabla hajamtazama mgonjwa atapata fedha, lakini wagonjwa watabaki nyumbani na magonjwa yao.

Yafaa tukumbuke jina lenyewe la chama cha vijana wetu. VIWAWA ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Mizizi yake ni kwa Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha mwaka 1925 harakati ya vijana wafanyakazi Wakristo, na ambaye mwaka 1965 alifanywa kardinali. Cardijn alikuwa mwanaseminari kama sisi. Aliporudi nyumbani likizo aliwakuta wenzake wa utotoni wameshaingia viwandani na migodini, na wengine walimtazama kama mtu aliyewaacha na kwenda kwa wakubwa. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Aliamua kuwatafuta vijana kazini, akawafundisha njia ya hatua tatu tunayoitaja hadi leo: ona, amua, tenda. Papa Yohane XXIII aliipokea njia hiyo katika waraka wake wa Mater et Magistra mwaka 1961. Hatua ya kwanza ni kuona. Huwezi kumwona kijana wa Kapalamsenga ukiwa umekaa ofisini na orodha ya waliolipa. Unamwona pale anapotokwa na jasho.

Bwana wetu mwenyewe alifanya hivyo. Petro na Andrea aliwakuta na nyavu zao ziwani. Mathayo alimkuta mezani akitoza ushuru. Mwanamke Msamaria alimkuta kisimani, amekuja kuteka maji. Hakungoja waje sinagogi wakiwa wamevaa vizuri. Sinodi ya Maaskofu kuhusu vijana ya Oktoba 2018 ilichagua kama picha yake habari ya wanafunzi wa Emau, na tukiisoma vizuri tunaona kwamba Yesu aliandamana nao huku wakizidi kuuacha mji wa Yerusalemu. Aliwasikiliza kwanza, akawaeleza baadaye.

Kuna sababu ya pekee ya kusema haya kuhusu Katavi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Watu wameongezeka zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Ongezeko hilo si la watoto waliozaliwa tu. Ni pia la wageni waliofuata ardhi, malisho, madini na biashara, na katika wageni hao vijana ni wengi. Kijana aliyefika jana hana jumuiya, hana mdhamini, jina lake halimo katika daftari lolote. Mlezi anayefuata daftari la michango hatamfikia kamwe, maana asiyeandikwa hadaiwi, na asiyedaiwa hatafutwi.

Lipo na jambo zito zaidi, nalo tunaomba lisomwe bila hasira. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 27. Hakuna mkoa uliokuwa juu ya Katavi. Nyuma ya tarakimu hizo wapo wasichana waliokuwa wanaimba sauti ya kwanza, waliokuwa wanasoma somo Dominika, waliokuwa wanajiandaa kwa Kipaimara. Mara nyingi, tumbo likionekana msichana anaacha kuja kwa aibu, au anaambiwa apumzike. Mvulana mara nyingi anaendelea kupiga kinanda.

Hatutetei dhambi, na masuala ya sakramenti yana wachungaji wenye dhamana nayo. Lakini kumtoa binti kwenye kwaya hakupaswi kuwa sawa na kumtoa kwenye macho ya mlezi. Hapo ndipo angehitaji mtu wa kumwuliza kama anahudhuria kliniki, kama nyumbani bado anakula mezani na wenzake, kama aliyehusika anajulikana na anawajibika, na kama huyo aliyehusika alikuwa mtu mzima aliyemharibia mtoto maisha. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba arudi shuleni baada ya kujifungua. Shule imefungua mlango. Litakuwa jambo la kusikitisha mama huyu mdogo akikaribishwa darasani kabla ya kukaribishwa katika kundi la vijana wa kigango chake.

Mwanafalsafa Mfaransa Gabriel Marcel, aliyepokewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1929, anatusaidia hapa. Alitofautisha tatizo na fumbo. Tatizo liko mbele yangu, naweza kulipima, kulitatua na kuliweka kando. Fumbo linanihusisha mimi mwenyewe, siwezi kusimama nje yake. Tunaposema kwamba vijana ni tatizo la parokia, tunawaweka mezani kama hesabu. Mlezi wa kweli hana nafasi ya kusimama nje. Anaingia katika maisha yao, na jambo ambalo Marcel alilithamini sana katika mahusiano ya watu ni lile mlezi analoweza kutoa hata akiwa hana senti: kuwapo, na kuwapo kwa ajili ya mwingine.

Kielelezo hatuna haja ya kukitafuta mbali. Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, ndipo alipofanya kazi Adriani Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akawa amefika Karema. Alikaa hapo hadi kifo chake mwaka 1956. Alikuwa mlei, mume na baba wa familia, tabibu na katekista kwa wakati mmoja. Watu walimfuata na vidonda na homa zao, naye aliwafuata vijijini. Imani ya ukanda huu haikujengwa na wamisionari peke yao. Ilijengwa pia na mlei aliyejua maumivu ya watu mmoja mmoja kwa miaka 67.

Tunapendekeza nini, basi? Kwanza, michango ya vijana ikusanywe na mweka hazina wa kigango au viongozi wa jumuiya, na mlezi asitumwe kudai hata shilingi moja. Pili, mlezi awe na daftari jingine, la majina ya wasiofika, na kila mwezi aripoti kwa paroko ametembelea wangapi. Tatu, vikao vya vijana vifuate saa za kazi zao. Kama wako machimboni, kikao kimoja kwa mwezi kifanyike huko, jioni, hata kama ni chini ya mti. Nne, kila binti aliyepata ujauzito apewe mama mmoja wa WAWATA wa kumtembelea hadi mtoto abatizwe na hata baada ya hapo, na mvulana naye aitwe, asikilizwe na kuwajibishwa.

Tano, parokia imbebe mlezi wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes, ulitaka wale wanaojitoa kikamilifu katika kazi ya katekesi wapate malipo ya haki ya kuwawezesha kuishi. Mlezi wa vijana wa kujitolea hadai mshahara. Lakini baiskeli, nauli ya semina, buti za masika na pole ya dhati anapouguliwa si mambo ya kuizidi parokia. Fedha nyingi tunazokusanya kwa ajili ya sherehe ya siku moja zingetosha.

Maneno haya tunajiambia sisi wenyewe pia. Mungu akipenda, baadhi yetu tutawekewa mikono na kutumwa katika parokia zenye vigango kumi au zaidi, na wa kwanza kutupokea atakuwa mlezi wa vijana akiwa na daftari mkononi. Kabla ya kumwuliza vijana wamechangia kiasi gani, tumwulize ni nani hajaonekana, kisha tumwombe atupeleke.