Storm, binti wa mama Mkenya: Mizani miwili ya Hollywood katika kuchagua mashujaa

Tangu kampuni ya Disney ikamilishe ununuzi wa 21st Century Fox mwezi Machi 2019, mashujaa wa X-Men wamo mikononi mwa Marvel Studios. Tangu wakati huo, mashabiki wamekuwa wakiuliza swali moja: ni nani atakayeigiza Storm?

Kwa watu wenye asili ya Afrika Mashariki, swali hilo lina uzito wa pekee. Katika vitabu vya katuni, Storm, ambaye jina lake ni Ororo Munroe, ni mtoto wa mama Mkenya wa ukoo wa kifalme na baba Mmarekani Mweusi aliyekuwa mpiga picha. Alipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1975, wasomaji walimkuta Kenya, akiamuru mvua mbele ya watu waliomwabudu kama mungu.

Mvutano kuhusu rangi za waigizaji wa filamu za aina hii si mpya. Idris Elba, Mwingereza aliyezaliwa na baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, alipochaguliwa kuigiza Heimdall katika filamu ya Thor ya mwaka 2011, kundi la wazungu wenye msimamo mkali nchini Marekani liliwataka watu waisusie. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Anna Diop, mzaliwa wa Senegal, aliyetukanwa mitandaoni baada ya kuchaguliwa kuwa Starfire katika tamthilia ya Titans. Kitabuni, Starfire ni kiumbe wa sayari nyingine mwenye ngozi ya rangi ya chungwa.

Hoja inayotolewa mara nyingi katika mizozo hiyo ni uaminifu: filamu ifuate kitabu. Kwa juujuu, hoja hiyo ni ya haki. Ila vitabu vyenyewe vina historia. Superman alizaliwa mwaka 1938 na Batman mwaka 1939, ilhali Black Panther, shujaa Mweusi wa kwanza katika katuni kubwa za Marekani, alisubiri hadi 1966. Anayedai kila shujaa abaki na rangi aliyochorwa nayo anadai, pengine bila kukusudia, kwamba mgawanyo wa nafasi wa enzi ya ubaguzi uendelee.

Tena uaminifu huo haudaiwi kwa kipimo kimoja. Katika filamu ya Doctor Strange ya mwaka 2016, mwalimu mkuu ambaye kitabuni ni mzee wa Kitibeti aliigizwa na Tilda Swinton, mwanamke mzungu kutoka Uingereza. Miaka mitano baadaye, mkuu wa Marvel Studios, Kevin Feige, alikiri kwamba lawama zilizofuata ziliwazindua.

Kisa cha Storm kinaudhihirisha upogo huo kwa namna nyingine. Halle Berry alimwigiza katika filamu nne, kati ya mwaka 2000 na 2014, kisha nafasi ikachukuliwa na Alexandra Shipp katika filamu za 2016 na 2019. Wote wawili ni wanawake Weusi wenye ngozi ya maji ya kunde, ilhali michoro mingi ya Storm humwonyesha akiwa na weusi uliokolea. Waliolalamika walikuwa zaidi mashabiki Weusi, na lawama yao ya msingi iliwahusu wanaochagua waigizaji. Walihoji kwa nini mlango unapofunguliwa kwa mwanamke Mweusi, anayepita mara nyingi huwa ni yule mwenye ngozi ya kung'aa zaidi.

Madhara ya mazoea hayo yanajulikana vyema Afrika Mashariki, ambako mkorogo umeharibu ngozi za wengi na ambako Rwanda, mwishoni mwa 2018, ilianza msako wa vipodozi vya kuchubua ngozi madukani. Mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alieleza mwaka 2014 jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu usiku, akiwa msichana, aamke na ngozi nyeupe zaidi. Mtazamo wake, alisema, ulianza kubadilika alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa kwa uzuri wake. Taswira, kwa maana hiyo, inaweza kumjeruhi mtoto, na inaweza pia kumponya.

Kisingizio cha biashara nacho kimekwisha nguvu. Black Panther ya mwaka 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Miongoni mwa waigizaji wake walikuwemo Lupita mwenyewe, Daniel Kaluuya aliyezaliwa London na wazazi wa Uganda, na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala na kukulia Ujerumani.

Hata hivyo, filamu hiyo ilionyesha pia kwamba sura pekee hazitoshi. Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, lakini watu wake huzungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Lugha hiyo iliingia kupitia John Kani, mwigizaji aliyeizungumza tangu utotoni. Kani alikuwepo wakati wa kutengeneza filamu, na kuwepo kwake kukaipa lugha yake nafasi. Lugha za eneo lenyewe hazikupata mtu wa kuzisemea.

Ndiyo maana suala la Storm ajaye halitaamuliwa na rangi ya ngozi peke yake. Hata kitabuni, waandishi wa Kimarekani walimpa macho ya buluu na nywele nyeupe zilizonyooka, na Kenya yao ilikuwa ya wanavijiji wanaosubiri mungu wa kuwaletea mvua. Studio inaweza kumteua mwigizaji anayefaa kabisa, kisha ikaibakiza Kenya katika picha hiyohiyo ya mwaka 1975. Siku jina litakapotangazwa, macho ya wengi yatakimbilia picha ya mwigizaji. Orodha ya waandishi wa filamu nayo itastahili kusomwa kwa makini yaleyale.