PS2 Yako Haijafa, Ni TV Yako Haiielewi

Kuna sentensi inanikera kila nikiisikia: "Hiyo PS2 imeisha, siku hizi picha yake ni mbaya." Zii. Mashine ni ile ile, diski ni zile zile, na hakuna kitu ndani ya hiyo konsoli kimeoza hadi wachezaji wa FIFA wakawa na nyuso kama uji. Kilichobadilika ni TV. Na juu wengi wetu hatujui hivyo, tunatupa vitu vizima, ama tunauziwa takataka tukiambiwa ndiyo dawa.

Wacha nieleze vile mambo yako, polepole, bila kujifanya injinia.

PS2 ilitoka mwaka wa 2000 na Sony ikaendelea kuitengeneza hadi mwanzoni mwa 2013. Zaidi ya milioni 150 ziliuzwa duniani. Hata baada ya kuacha kutengenezwa, FIFA 14 bado ilitolewa kwa PS2. Na huku mtaani iliishi zaidi ya hapo, kwa vibanda vya gemu ambapo mnalipa kwa mechi, aliyefungwa anapisha na foleni inafika mlangoni. Miaka hiyo karibu yote ilikuwa inaongea na aina moja ya TV: ile nzito yenye mgongo mkubwa, ya kubebwa na watu wawili.

TV ile ilikuwa inachora picha kwa mistari, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu hadi chini. Konsoli za kitambo kama PS1 na Super Nintendo zilikuwa zinatuma mistari kama 240 hivi. PS2 mara nyingi hutuma 480, ama 576 kwa mashine za PAL, lakini kwa nusu nusu: kwanza mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, halafu inarudi na wa pili, wa nne, wa sita. TV ya mgongo haikuwa na shida na hiyo. Ilichora kila kitu vile kilivyokuja, na jicho lako likamalizia kazi.

TV flat haichori mistari hivyo. Ina vidoti vilivyokaa mahali pake tayari: 1920 kwa 1080, na kama ni 4K, 3840 kwa 2160. Ikiletewa picha ndogo, lazima iikuze yenyewe ndiyo ijaze skrini. Shida ni kwamba imefundishwa kukuza sinema na taarifa ya habari, haijafundishwa gemu. Ikipata mistari 240, mara nyingi inadhani ni nusu ya picha ya 480, basi inaanza kuunganisha vitu ambavyo havikuwa vimetenganishwa. Msee akikimbia, kingo zake zinakuwa kama meno ya kitana. Halafu picha inavutwa ijaze skrini yote, na kila mchezaji ananenepa ghafla.

Mbaya zaidi, hiyo kazi yote inachukua muda. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inaishi milisekunde 16 na kitu. TV ikichelewa milisekunde 80, unacheza ukiwa nyuma karibu fremu 5. Umebonyeza, umeona kumbe umechelewa, umefungwa. Halafu mnaanza kugombana mkisema padi imeharibika.

Hapa ndipo kifaa kinachoitwa apskela kinaingia. Kichukulie kama mkalimani. Kinakaa katikati ya konsoli na TV, kinasikiliza lugha ya zamani vizuri, halafu kinaitafsiri haraka kwa lugha ambayo TV ya leo inaielewa. Mkalimani mzuri haongezi chumvi na hachelewi. Mkalimani mbaya anaweza kufanya rafiki yako aonekane mjinga.

Na mtaani tumejaziwa wakalimani wabaya. Unajua kale kaboksi kadogo, waya wa njano, mweupe na mwekundu upande mmoja, HDMI upande wa pili, na juu yake pameandikwa 1080 kwa herufi kubwa? Nilinunua kamoja mjini, na muuzaji akaniapia kwamba "kanabadilisha PS2 iwe PS4." Kitu kaliongeza ni ukubwa wa ule uji. Kwanza, waya wa njano pekee unabeba mwangaza na rangi zikiwa zimechanganywa pamoja, na zikishachanganywa hivyo, hakuna boksi la bei rahisi litazitenganisha vizuri. Pili, kaboksi kenyewe kanafanya makosa yale yale ya TV. 1080 kwa kibandiko haimaanishi umepata picha ya 1080. Inamaanisha picha mbaya imevutwa hadi ikafika 1080.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kutoa pesa ya boksi lolote, anza na vitu vya bure, halafu waya.

Vya bure kwanza. Ingia kwa mipangilio ya TV na uwashe hali ya gemu, ile inapunguza kuchelewa. Rudisha umbo la picha liwe 4:3, ukubali hiyo mistari myeusi kando. Wachezaji watapungua kilo hapo hapo.

Halafu waya. Tafuta kebo ya PS2 yenye vichwa vitano: kijani, bluu na nyekundu za picha, kisha nyekundu na nyeupe za sauti. Hiyo inabeba mwangaza peke yake na rangi peke yake. Lakini lazima uingie kwa menyu ya PS2 yenyewe, uende kwa mpangilio wa Component Video Out, utoe RGB uweke Y Cb/Pb Cr/Pr. Usipobadilisha, rangi zitaharibika na utadhani umeuziwa waya mbovu. Kama TV yako ina mashimo ya hizo rangi, unaweza kushangaa vile tofauti ni kubwa bila boksi lolote.

TV yako haina? Sasa tuongee kuhusu apskela za ukweli. Juu kabisa kuna RetroTINK-4K, kazi ya Mmarekani anayeitwa Mike Chi. Ilianza kuuzwa kwa dola 750. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya shilingi 90,000, na bado hujalipa usafiri na ushuru. Ni kifaa kikali, sitabisha. 240 mara 9 ni 2160, kwa hivyo inaweza kujaza 4K bila kukata wala kubahatisha. Lakini kwa hiyo pesa mimi nina mipango mingine, na nadhani hata wewe.

Kuna OSSC, ambayo michoro na programu zake ziko wazi kwa kila mtu. Yenyewe inazidisha mistari tu, karibu bila kuchelewa. Kwa konsoli za mistari 240 ni moto. Kwa PS2 na zile nusu nusu zake, picha inaweza kutikisika, kwa hivyo usiinunue ukifikiria FIFA pekee.

Ile ninaipigia debe mimi ni GBS-Control. Inaanza na bodi ya bei ya chini inayoitwa GBS-8200, iliyotengenezwa kuunganisha mashine za gemu za sarafu na skrini za kompyuta. Ukiiacha vile ilivyo, ni ya kawaida sana. Lakini watu wameandika programu huru inayochukua usukani wa ile bodi kupitia chipu ndogo ya ESP8266. Ndiyo, ile ile ambayo wanafunzi wa uhandisi huku wanatumia kuwasha taa kwa simu, na utaipata kwa maduka ya elektroniki hapa Nairobi. Unalehemu waya kadhaa, unaweka programu, unaongeza adapta ya kutoa VGA kwenda HDMI, na umepata mkalimani anayejua kuunganisha zile nusu mbili bila meno ya kitana.

Najua kuna mtu anasema, si utumie tu emuleta kwa simu? Emuleta iko sawa, na sina vita nayo. Yenyewe inachora gemu upya ikiwa kubwa tangu mwanzo, wakati apskela inapokea picha iliyokwisha chorwa. Lakini simu ni ya mtu mmoja. PS2 ni ya watu wawili kwa kochi moja na wengine wanne wakipiga kelele nyuma. Haiombi bundles, haiombi kusasishwa, na ile timu uliyoijenga msimu mzima iko salama kwa kadi ya MB 8 tu.

Pia sitawadanganya kwamba apskela inarudisha kila kitu. Ile gemu ya kupiga bata kwa bunduki haitafanya kazi kwa TV flat hata ukinunua mkalimani wa bei gani, juu bunduki ilikuwa inategemea vile TV ya mgongo inachora mwanga kwa wakati kamili. Na si kila kitu kinapendeza kikiwa wazi sana. Maporomoko ya maji kwa Sonic ya Mega Drive yalichorwa kwa vistari vyembamba, ndiyo ule ukungu wa waya wa njano uvichanganye vionekane kama maji. Ukisafisha picha kabisa, unaona vistari. Ndiyo maana apskela nzuri zinakuruhusu kuongeza mistari ya TV ya zamani kwa makusudi.

Kwa nini nimeandika haya yote kuhusu mashine ya zaidi ya miaka 20? Juu bei ya PS5 mnaijua. Kuna dogo mtaani ambaye gemu yake ya kwanza itakuwa ile PS2 umeiweka juu ya kabati. Kuna mwenye kibanda aliyeuza TV yake ya mgongo, akanunua flat, wateja wakalalamika, na sasa anafikiri konsoli zake zote ni za kutupwa. Zikitoka kwake zinaelekea Dandora, na hapo hakuna apskela itaziokoa.

Wenzetu ng'ambo wanaita hii retro na wanailipa kama vito. Sisi tuna mashine zenyewe, tuna mafundi wa Luthuli wanaofufua simu zilizotumbukia chooni, na tuna vijana wanaojua ESP8266 kuliko wanavyojua majina ya majirani. Fundi mmoja akijifunza GBS-Control vizuri, mtaa mzima una vibanda vya gemu tena, na yeye ana kazi.

Kwa hivyo wikendi hii shusha ile PS2, pangusa vumbi na urekebishe ile menyu. Kama bado picha ni uji, peleka waya na hiyo bodi kwa fundi. Usipeleke konsoli kwa mwenye vyuma kuukuu.